Hewa ya Mbeya, Jeti ya Dar es Salaam

Gari la zamani la petroli lililosetiwa vizuri Dar es Salaam, likishavuka Ruaha Mbuyuni na kuumaliza mlima Kitonga, si lile lile tena. Hakuna kilicholegea njiani wala mkono uliogusa bisibisi, lakini Iringa linafika likivuta kwa shida, likitoa moshi mweusi na kunywa mafuta zaidi kuliko lilivyokunywa Morogoro. Likiendelea hadi Mbeya hali ni hiyo hiyo, pengine mbaya zaidi kidogo. Fundi wa Mafiati, mjini Mbeya, akifungua plagi atazikuta zimejaa masizi, na atasema kabureta inazidisha mafuta. Fundi wa Dar aliyeiseti naye ataapa kwamba aliiacha sawasawa. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo lilipo swali ambalo wanafalsafa wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 2,000: kitu kilichokuwa sahihi kinawezaje kugeuka kosa bila chenyewe kubadilika? Na kikishageuka, tuna haki gani ya kuendelea kudai kwamba sahihi na kosa vipo?

Tuanze na kifaa chenyewe, maana majibu mengi ya haraka yanatokana na kutokukitazama. Pistoni ikishuka hufyonza hewa. Hewa hiyo hupita kwenye koo jembamba la kabureta, na kwa sababu pale ni pembamba, inakimbia na kanieneo yake inashuka. Kushuka huko ndiko kunakoivuta petroli kutoka kwenye chemba ya boya kupitia tundu dogo la jeti. Hewa, basi, ndiyo inayojiitia mafuta yake. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Iringa iko chini kidogo ya hapo na tofauti haizidi sana wala haipungui sana. Mtu angetarajia kwamba hewa ikipungua kwa asilimia 15, petroli nayo itapungua kwa asilimia 15 na mambo yatabaki kama yalivyokuwa. Haiwi hivyo. Mvuto kwenye koo hupungua sawasawa na uzito wa hewa, lakini petroli inayovutwa hufuata kipeuo cha pili cha mvuto huo, kwa hiyo yenyewe inapungua kwa asilimia 8 tu. Hewa imekimbia, mafuta yamechelewa nyuma, na mchanganyiko unaofika kwenye silinda umezidi mafuta kwa takriban asilimia 8. Jeti za kabureta za Solex, zilizofungwa kwenye Peugeot 504 na Volkswagen nyingi zilizopita katika barabara hizi, huandikwa upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Kutoa jeti 120 na kuweka 115 hupunguza eneo la tundu kwa asilimia 8 na kidogo. Sehemu tano za mia za milimita, unene wa unywele, ndiyo tofauti kati ya Kariakoo ya Dar na Mwanjelwa ya Mbeya.

Ipo pia skrubu ya mchanganyiko, ambayo fundi huigeuza injini ikiwa imeshapata moto na mguu ukiwa nje ya mafuta. Anaikaza taratibu mpaka injini ianze kutetemeka kama inataka kuzima, anailegeza mpaka ianze kunguruma kwa uzito na bomba kutoa harufu ya petroli, kisha anairudisha katikati ya hali hizo mbili, robo mzunguko huku, robo kule, mpaka mlio utulie. Ni kazi ya sikio, na kuitazama inavutia. Lakini skrubu hiyo inatawala pale tu gari lisipokanyagwa. Ukishakanyaga mafuta, jeti kuu ndiyo inayoamua, na jeti haigeuzwi kwa bisibisi. Inatolewa na kuwekwa nyingine. Ndiyo maana gari linaweza kunguruma vizuri kabisa kwenye ua wa gereji, mwenye gari akalipa akaridhika, halafu likaanza kukohoa pale linapopandisha Mlima Nyoka na mzigo. Utulivu wa kitu kilichosimama si ushahidi wa kitu hicho kikiwa kazini. Wapo watu wema wa namna hiyo pia, lakini tusitoke nje ya mada mapema.

Kuna majibu mawili ambayo husikika haraka. La kwanza ni la mtu wa kitabu: kiwanda kimeandika jeti 120, kwa hiyo sahihi ni 120, na kama gari linasumbua Mbeya tatizo liko kwenye gari, petroli au dereva. La pili ni la mtu aliyechoka na watu wa kitabu: kama 120 ni sahihi Dar na kosa Mbeya, basi hakuna sahihi, kila mji na mambo yake, kila fundi na mkono wake, na anayejaribu kumsahihisha mwenzake anamwonea tu. Majibu haya yanaonekana maadui lakini yana mzizi mmoja. Yote mawili yanaamini kwamba kanuni ikiwepo lazima iwe namba moja isiyobadilika. La kwanza linaiona namba na kuing'ang'ania. La pili linaiona namba ikibadilika na kutangaza kwamba kanuni imekufa.

Injini inayakataa yote mawili. Jibu la kitabu linakataliwa na masizi kwenye plagi. Jibu la kila-mtu-na-lake linakataliwa na jambo ambalo watu hawalisemi vya kutosha: pale pale Mbeya, mafundi wawili wakibishana juu ya jeti 115 na 130, mmoja wao amekosea, na hahitaji kuambiwa na mtu wa Dar. Anaambiwa na moshi, na kiasi cha mafuta kilichotumika kwenda Tunduma na kurudi, na rangi ya plagi. Kubadilika kwa jibu kutoka mahali hadi mahali hakuongezi uhuru wa mtu kujibu anavyotaka. Kinyume chake, kunampunguzia, maana sasa hawezi kujificha nyuma ya kitabu na lazima akitazame kilichoko mbele yake. Ni kweli kwamba hata shahidi huyo anataka kusomwa kwa akili: tangu risasi iondolewe kwenye petroli ya nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, rangi ya plagi haisomeki kwa wepesi wa zamani, na fundi aliyejifunza kwa macho ya miaka ya 1980 anaweza kudanganyika. Lakini shahidi mgumu kusomeka bado ni shahidi.

Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako. Alitofautisha katikati ya hesabu na katikati inayotuhusu sisi, na mfano wake ulikuwa chakula: kiasi kilicho kidogo mno kwa Milo, mpiga mieleka mashuhuri, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Hakumaanisha kwamba mwalimu wa mazoezi akadirie kwa hisia zake. Alimaanisha kwamba sahihi inapatikana kwa kumtazama anayelishwa. Watu wengi wanaosifu kiasi na wastani huipoteza tofauti hii, wakadhani kiasi ni kuchukua huku na kule na kugawanya kwa mbili. Ndani ya Mkoa wa Mbeya peke yake hesabu hiyo inashindwa. Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, haifiki mita 600. Mbeya mjini ni mita 1,700. Jeti ya katikati ya Kyela na Mbeya haiko sahihi Kyela, haiko sahihi Mbeya. Labda ingefaa kijiji fulani kwenye miteremko ya Tukuyu, kwa bahati ya kijiji hicho.

Dini zetu zinaishi na jambo hili kila siku, hata pale wahubiri wanapolisahau. Ramadhani ya mwaka wowote, Mwislamu wa Mbeya anayefungua redio ya Dar es Salaam na kufuturu kwa adhana anayoisikia humo anakula mchana. Mbeya iko magharibi ya Dar kwa karibu nyuzi sita za longitudo, na jua linachelewa kuzama huko kwa dakika 20 na ushei. Iringa ni kama dakika 14. Je, kuna Ramadhani mbili? Hapana, amri ni moja: jua likizama, futuru. Ni kwa sababu amri ni moja ndiyo maana saa zinatofautiana. Anayelazimisha saa moja kwa nchi nzima kwa jina la umoja ndiye anayeivunja amri, na anayesema kwamba saa zikitofautiana basi kila mtu ale akisikia njaa naye ameivunja. Fiqhi ilikwenda mbali zaidi ikamruhusu msafiri kufupisha sala na kuahirisha saumu, na haikuona kwamba kwa kufanya hivyo imelegeza chochote. Upande wa Ukristo, mkutano wa Yerusalemu unaosimuliwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 15, uliamua kwamba waamini wasio Wayahudi wasitwishwe tohara. Makanisa ya Nyanda za Juu Kusini, Wamoraviani wa Rungwe na Walutheri wa Iringa wakiwa miongoni mwao, yasingekuwa kama yalivyo bila uamuzi ule. Waliokuwa mkutanoni hawakusema sheria ya Mungu imekuwa maoni. Walibishana hasa juu ya kipi ni kanuni na kipi ni jeti.

Hapa linaingia pingamizi ambalo ndilo zito kuliko yote kwa msomaji wa Tanzania. Mtu atasema: hoja hii ni tamu, lakini tumeisikia ikitumika vibaya. Kila anayetaka kuendeleza dhuluma anasema mazingira yetu ni tofauti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi huku mvulana akisubiri hadi 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipoipeleka Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 ilivitangaza vifungu hivyo kuwa vinakiuka Katiba, serikali ilikata rufaa, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba sheria hiyo ilitungwa ili kuzingatia mila na dini za watu. Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa hiyo Oktoba 2019. Je, serikali haikuwa ikisema maneno yale yale ya fundi wa Mafiati, kwamba hapa kwetu hewa ni nyingine?

Ilikuwa ikiyaazima maneno yake na kuiacha kazi yake. Fundi wa Mafiati haishii kusema hapa ni Mbeya. Anaonyesha ni nini cha Mbeya kinachobadilisha matokeo: hewa nyepesi kwa asilimia 15, inayofika kwenye injini ile ile inayotakiwa kuunguza mafuta vizuri vile vile. Kila dai la mahali lina deni hilo hilo. Mtu akisema kanuni hii haifai kwetu, muulize ni kitu gani, katika maisha ya yule anayebeba uzito wa kanuni, kinachofanya kilichomwumiza mwingine kisimwumize yeye. Mwili wa msichana wa miaka 15 unaokaribia uzazi hauna nyonga za mila. Darasa analoliacha halirudi kwa sababu kabila lake liliona ni sawa. Mazoea ya watu si hewa; yako upande wa mkono ulioshika bisibisi, na mkono wa fundi hauwezi kuwa ushahidi wa usahihi wa fundi. Hoja ya mahali, ikishikwa kwa ukali unaostahili, inawafungia mlango hasa wale wanaoipenda zaidi. Na inaufungua pale unapostahili kufunguliwa: muda mmoja wa kupanda ukitangazwa kwa nchi nzima hautamfaa mkulima wa Kitulo, kwenye uwanda wa mita 2,600, na huyo anaweza kukuonyesha baridi iliyoharibu shamba.

Pingamizi jingine ni la kifalsafa zaidi. Injini, litasema, imetengenezwa na mtu kwa kazi inayojulikana, kwa hiyo ni rahisi kusema inapokuwa sawa. Mwanadamu hakutengenezwa na kiwanda, na watu hawakubaliani yuko kwa ajili ya nini. Kwa hiyo hakuna plagi ya kuifungua na kuisoma. Nusu ya pingamizi hili ninaikubali. Lakini nusu nyingine inaifikiria injini kuwa rahisi kuliko ilivyo. Petroli huungua ikaisha pamoja na hewa yake yote kwenye uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya mafuta, kwa uzito. Hata hivyo, anayetaka nguvu zote za injini huishusha karibu na 12.5, na anayetaka kubana matumizi huipandisha kuelekea 15.5 au zaidi. Mwenye teksi ya zamani Iringa mjini na mwenye pikapu ya kubebea viazi kutoka milimani hawataki kitu kimoja, na fundi mzuri huuliza kwanza. Injini yenyewe, kumbe, haikupewa lengo moja. Ilichopewa ni mipaka: ukizidisha mafuta mno cheche zinazama kwenye masizi, ukizidisha hewa mno vali zinaungua. Ndani ya mipaka hiyo kuna nafasi ya kuchagua, na kuchagua huko kunaweza kuwa kwa busara au kwa upumbavu kulingana na kazi iliyopo. Sioni kwa nini tudai zaidi ya hapo kwa mwanadamu. Hatukubaliani maisha mema ni yapi, ni kweli, lakini njaa, hofu, upweke na udhalili vinayabana maisha ya mtu wa Tukuyu na mtu wa Muscat kwa namna ambayo hakuna mtaalamu wa tamaduni anayehitajika kututafsiria.

Wengine watasema mjadala huu wote umepitwa na wakati. Magari yanayoingia kutoka Japani kwa miongo kadhaa sasa ni ya EFI, yasiyo na kabureta. Yana kihisi kinachopima kanieneo ya hewa, kingine kwenye bomba la moshi kinachopima oksijeni iliyobaki, na kompyuta inarekebisha petroli mara nyingi kwa sekunde. Yanapanda Kitonga bila kujua kwamba yamepanda. Kabureta imebaki kwenye pikipiki za bodaboda na magari ya wazee. Je, si ushahidi kwamba kanuni moja inaweza kuandikwa ikafaa kila mahali, na busara ya fundi ilikuwa tu upungufu wa teknolojia? Kwa sehemu, ndiyo, na sioni aibu kukubali. Lakini tazama ni nini kilichoandikwa kwenye kompyuta hiyo. Hakikuandikwa kipimo cha jeti. Kilichoandikwa ni uwiano, pamoja na agizo la kuuliza hewa kila wakati. Watengenezaji walifika mahali pale pale alipo fundi: kilicho cha kudumu ni uhusiano kati ya vitu, na kiasi kinaufuata. Ule uwiano wa 14.7 nao haukuchaguliwa na kompyuta. Ulichaguliwa na watu kwa sababu ndio unaokifanya kichujio cha moshi kifanye kazi yake, na kichujio kililetwa na sheria za hewa safi za Marekani na Japani katika miaka ya 1970. Kuna mtu aliyeamua kwamba mapafu ya wapita njia yana uzito kuliko mwendo wa dereva. Uamuzi huo kihisi hakiwezi kuupima.

Linabaki tatizo la msafiri, na kusema kweli wengi wetu ni wasafiri. Gari linalotoka Dar asubuhi na kulala Mbeya limepita hewa za kila namna katika kilomita 830, na hakuna jeti iliyo sahihi kwa njia nzima. Hapo sahihi haipatikani. Kinachopatikana ni kuchagua upande wa kukosea. Na pande hazilingani. Mafuta yakizidi, unapoteza fedha na kusafisha plagi. Hewa ikizidi, kama inavyotokea kwa gari lililosetiwa Mbeya likateremshwa pwani kwa kasi na mzigo, injini inachemka, na vali au pistoni ikishaungua haisafishwi kwa brashi. Fundi mwenye akili humwachia msafiri mafuta yazidi kidogo. Aristotle naye aliona kwamba kati ya makosa mawili moja huwa baya kuliko jingine, na akashauri tuegemee mbali nalo. Sheria ya jinai inafanya hivyo inapompa mshtakiwa faida ya shaka: mwenye hatia aliyeachiwa anaweza kukamatwa tena kwa kosa jingine, aliyenyongwa bila hatia hawezi kurudishwa. Tanzania bado ina adhabu ya kifo katika vitabu vyake kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na majaji wanaitoa kwa sababu sheria haiwapi nafasi nyingine. Lakini hakuna aliyenyongwa tangu miaka ya 1990. Rais Magufuli alisema wazi mwaka 2017 kwamba hataki kuletewa majina ya kutia saini, na marais waliomtangulia karibuni walikuwa wakijizuia kutia saini kimyakimya. Jeti imeachwa ile ile ya kitabu, na miaka yote hii kila aliyepewa bisibisi amekataa kuikaza.